Joto kwanza, skii baadaye: kuwalea watoto kwenye theluji ya Oslo

Shule za msingi za Oslo huwa na siku ya skii, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji, kila majira ya baridi. Wenyewe wanaiita skidag. Darasa zima linakwenda msituni au kwenye mteremko, na kila mtoto anatarajiwa kufika na vifaa, nguo nzito na chakula chake. Jirani yangu hapa Groruddalen, upande wa mashariki wa Oslo, mama wa Kikongo aliyenitangulia kufika nchi hii, ndiye aliyenieleza siku hiyo ina maana gani kwetu. Aliniambia, "Dada, siku ya skii watoto wetu wanaugua." Hawaumwi kitu. Wanabakizwa nyumbani kwa sababu vifaa hakuna, au vipo lakini mtoto hajawahi kusimama juu yake na anaona haya kuanguka mbele ya wenzake walioanza wakiwa na miaka mitatu. Wakati ananieleza hayo, mwanangu wa kwanza ndiyo kwanza yuko chekechea. Maneno yale yaliniuma, na nikaweka nia kwamba wangu hataugua ugonjwa huo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Theluji niliyoijua ni ile ya juu ya Kilimanjaro, unayoiona ukiwa ndani ya basi la Moshi siku mawingu yakikubali. Wanangu wawili, wa kiume na wa kike aliyemfuata, wamezaliwa hapa Norwei. Wote sasa wanateleza, mmoja kwa skii na mwingine kwa ubao mmoja wa theluji, snowboard. Nawaandikia wazazi wanaolea kwa Kiswahili kwenye nchi za baridi, iwe ni Uswidi, Kanada au Minnesota, kwa sababu wengi wananiuliza nimewafundishaje. Mimi sikuwafundisha. Mzazi asiyejua skii hana haja ya kujisumbua na mafunzo. Kazi yake ni kumweka mtoto kwenye joto, kumshibisha, na kujua saa ya kurudi nyumbani. Hayo yakikaa sawa, mtoto atateleza, maana theluji yenyewe inamwita.

Nianze na nguo, na hapa sitaharakisha, kwa sababu nimeona watoto wengi wakiichukia skii milele kwa ajili ya vidole vilivyoganda siku ya kwanza.

Pamba iacheni nyumbani. Mtoto anayepanda na kushuka kilima hutoka jasho hata kwenye baridi ya nyuzi kumi chini ya sifuri. Fulana ya pamba inalinyonya lile jasho na kukaa nalo, kisha mtoto akisimama dakika chache kwenye foleni ya lifti ya kupandia mteremko, kifua chake kimevaa maji baridi. Sufu haifanyi hivyo, inabaki na joto hata ikiwa na unyevu. Ile ya merino ni laini na haiwashi, ndiyo ivaliwe mwilini. Juu yake sweta ya sufu au ya flisi, kisha ovaroli ya theluji isiyopitisha maji wala upepo. Walimu wa chekechea ndio walionielekeza, na kila mwaka msimu wa baridi ukianza wanawakumbusha wazazi kuleta sufu ya akiba.

Kwenye soksi, sisi tunaotoka joto tunamwonea mtoto huruma kupita kiasi. Tunamvisha jozi mbili au tatu. Buti la skii ni gumu, halitanuki. Soksi zikijaa ndani, mguu unabanwa, damu haipiti vizuri, na vidole vinapoa upesi kuliko vingepoa na soksi moja. Jozi moja ya sufu, ndefu hadi chini ya goti, inatosha. Suruali ya ndani nayo iishie juu ya buti. Ikiingia ndani inakunjamana na kumuumiza mtoto kwenye muundi, na yeye hataweza kukueleza kinachomuuma, atalia tu na kusema hataki skii.

Mikononi usimpe glavu za vidole vitano. Mpe zile ambazo vidole vinne vinakaa chumba kimoja na dole gumba peke yake, maana vidole vikikaa pamoja vinapeana joto. Shingoni usimfunge skafu, inaweza kunasa kwenye lifti. Kuna kitambaa cha duara kinachovaliwa kama bomba, kinafunika shingo na kidevu, hicho ndicho cha kumvisha. Na kabla hujafunga zipu ya mwisho, mtoto aende msalani. Atakayesahau hili atajifunza mwenyewe jinsi ilivyo kazi kumvua ovaroli mtoto wa miaka mitatu katikati ya theluji.

Jambo ambalo hakuna mwalimu wa Kinorwei aliyeniambia, kwa sababu haliwahusu, ni nywele. Helmeti inatakiwa ikae chini, vidole viwili tu juu ya nyusi, na isicheze mtoto akitikisa kichwa. Binti yangu akiwa na mafungu mawili ya nywele juu ya kichwa, helmeti inaelea, na helmeti inayoelea hailindi kitu. Msuko unaofaa ni twende kilioni, mistari myembamba inayolala na kushuka hadi kisogoni, bila shanga. Shanga zikibanwa kati ya helmeti na fuvu zinaumiza, na mtoto akianguka zinaumiza zaidi. Siku ya kununua au kukodi helmeti, mtoto aende akiwa amesukwa vile atakavyokuwa kwenye theluji. Msusi wangu ni dada wa Kitanzania anayeishi mtaa wa pili, na wiki moja kabla ya likizo ya majira ya baridi, mwezi Februari, nyumba yake inajaa mabinti.

Kuhusu ngozi: maelezo mengi utakayosoma yanasema uangalie kama mashavu ya mtoto yamegeuka rangi, kwanza mekundu, kisha meupe. Kwenye shavu la mtoto mweusi wekundu unaweza usiuone kabisa. Baridi inapoanza kuunguza, ngozi ya weusi hupauka na kuwa kama ya kijivu, kisha inakuwa ngumu na mtoto anasema hasikii kitu. Kwa hiyo mimi sitegemei macho. Navua glavu yangu, naweka kiganja kwenye shavu, pua na ncha za masikio. Ngozi ikiwa ngumu au baridi kama sahani, tunaingia ndani hapohapo, tunaipasha joto polepole kwa kiganja, hatusugui. Mafuta mazito yanasaidia ngozi isikauke na upepo, lakini hayazuii baridi kali kuunguza. Na mwezi wa Machi jua linaporudi, theluji mpya inaweza kurudisha hadi asilimia 80 ya miale yake inayounguza. Mtoto mweusi naye apakwe mafuta ya kuzuia jua na avae miwani.

Mama yangu aliposikia kwamba nampeleka mjukuu wake kwenye theluji alinipigia simu. Nilipomwamkia aliitikia marahaba kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Mwanangu, huyo mtoto atapata nimonia. Barafu si ya kuchezea." Nilimweleza taratibu kwamba nimonia inaletwa na vijidudu, na kwamba huku watoto wachanga hulazwa nje kwenye vigari vyao mchana, wamefunikwa vizuri, na wanalala usingizi mzuri kabisa. Hakuridhika siku hiyo. Aliridhika nilipomtumia video ya mjukuu wake, mashavu yamemjaa, anacheka. Tangu hapo swali lake la kwanza kila tukizungumza ni kama theluji imeshaanguka.

Vifaa vya kwanza sikununua. Norwei kuna mpango unaoitwa BUA, wenye vituo sehemu nyingi za nchi, unaoazimisha vifaa vya michezo bure, kwa kawaida hadi wiki nzima. Unaingia, mtoto anapimwa, mnatoka na skii, buti na helmeti. Kwa mzazi anayeanza hakuna njia bora, maana ndani ya msimu mmoja utajua mtoto anapenda nini kabla hujatoa krone hata moja. Buti la skii za mteremko hupimwa kwa sentimita za mguu wenyewe. Usichukue kubwa ukitegemea atakua. Mguu ukicheza ndani ya buti, mtoto anageuza goti na skii haigeuki. Skii za anayeanza zifike kati ya kifua na kidevu, zikiwa ndefu zaidi zinamshinda. Na vishikizo vinavyoshika buti kwenye skii lazima virekebishwe dukani au na fundi kwa uzito wa mtoto na urefu wa buti lake, ili akianguka vifunguke vyenyewe. Hilo linahusu hata vya mtumba, tena vya mtumba zaidi, kwa sababu vilipangwa kwa mtoto mwingine.

Siku za mwanzo hatukwenda mlimani. Tulikuwa mbele ya jengo letu, kwenye uwanja tambarare ambao manispaa inarundika theluji pembeni. Mwanangu alivaa skii moja tu, mguu mwingine ukiwa na buti, akasukuma kama anayeendesha skuta. Kisha akabadilisha mguu. Fimbo hakupewa. Mtoto mdogo akishika fimbo anaziegemea, anazikanyaga, na hajifunzi kusimama kwa miguu yake. Nilikuwa naweka machungwa juu ya theluji, hapa moja, pale jingine, naye anayafuata na kuyaokota. Kuinama na kuinuka kule ndiko kunakompa mtoto mizani. Baadaye tulihamia kwenye kilima kifupi ambacho chini yake ni tambarare, ili asimame mwenyewe bila kujua breki ni nini. Kilima cha namna hiyo ndicho kitu muhimu kuliko vyote, na kinapatikana karibu kila mtaa wa Oslo. Mtoto akijua kwamba mteremko unaisha wenyewe, haogopi. Akipanda kwa kutembea ubavuubavu, miguu inaimarika, na anayeweza kupanda mwenyewe huwa anaupima mteremko kwa usahihi kuliko aliyepandishwa.

Breki ilikuja baadaye, na hapo nilimkabidhi kwa walimu. Skiforeningen, chama kilichoanzishwa mwaka 1883, kina shule za skii za watoto, na vituo vya mlimani vina za kwao. Breki ya mwanzo ni kabari: ncha za skii zinakaribiana mbele, mikia inatanuka nyuma. Watoto wanaambiwa watengeneze pitsa, na wanaelewa mara moja. Wa miaka mitatu nyonga zake bado hazina nguvu ya kuishikilia kabari kwa muda mrefu, kwa hiyo baadhi ya walimu hutumia kibanio kidogo cha mpira kinachozishika ncha zisiachane. Hilo nimeliona linasaidia. Kamba ya kumfunga mtoto kiunoni na kumshika kwa nyuma siipendi. Mtoto anaiegemea, uzito wake unarudi nyuma, na kwenye skii uzito ukirudi nyuma hakuna kugeuka wala kusimama. Kumweka katikati ya miguu yako ni hivyohivyo. Kama mteremko ni mkali kiasi cha kuhitaji kamba, mteremko huo si wake bado.

Mwalimu ana faida nyingine. Mtoto anamlilia mama, hamlilii mwalimu. Nilikuwa nasimama mbali, nyuma ya kibanda, na kumwona mwanangu aliyekataa kuinuka mbele yangu akiinuka mwenyewe na kujikung'uta theluji kwa sababu kijana mwenye koti jekundu amemwambia foleni inamsubiri.

Lifti ya kwanza iwe ule mkanda unaosogea polepole ardhini, mtoto anasimama juu yake tu. Lifti za kiti ziache mpaka awe amezoea, na akipanda awe upande wa mtu mzima, fimbo ya usalama ishushwe kabla ya kitu kingine chochote. Mpungie mkono mhudumu, atapunguza mwendo. Wapo kwa ajili hiyo, na usione aibu kuomba. Vituo vingi vya Norwei havimtozi tiketi mtoto aliye chini ya miaka 7 akiwa na helmeti, na njia zimepewa rangi: kijani ni rahisi kuliko zote, kisha bluu, nyekundu, na nyeusi. Sheria ambayo mtoto wangu aliijua kabla ya kupanda lifti ni kwamba aliye mbele ana haki. Anayetoka juu ndiye anayemwona mwenzake, kwa hiyo yeye ndiye wa kukwepa. Na hakuna kusimama penye kona au chini ya kituta, ambapo anayekuja hakuoni.

Wanorwei wana kanuni tisa za milimani, na ya nane inasema geuka mapema, hakuna aibu kurudi. Imeandikwa kwa ajili ya watu wazima walio juani na dhorubani huko vileleni, lakini mimi naitumia kwa mtoto wa miaka minne kwenye kilima cha mtaani. Nilikuwa nawaondoa wangali wanataka kuendelea. Chini ya saa moja kwa mdogo, na akiwa bado anacheka. Majirani walinishangaa, tumevaa muda mrefu kuliko tulivyoteleza. Lakini mtoto aliyeondoka akiwa na hamu ndiye anayekuamsha kesho yake akiwa ameshika helmeti. Miguu ikichoka kabari haishiki tena, na hapo ndipo watu wanapoumia, wakubwa kwa wadogo.

Katikati ya kuteleza, chakula. Wenyeji wanabeba machungwa na chokoleti ya Kvikk Lunsj, na wamefanya vizuri, kwa sababu mwili unaopigana na baridi unataka sukari. Mimi nabeba maandazi na chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye chupa. Wanangu wanakaa juu ya rundo la theluji, mvuke unatoka kwenye vikombe, na watoto wa wengine wanasogea kuomba. Nimeacha kubeba machache.

Binti yangu hakutaka skii. Alimwona msichana kwenye ubao na moyo wake ukaenda huko. Zamani watoto waliambiwa wasubiri ubao mpaka miaka saba au nane, kwa sababu ubao hugeuzwa kwa ukingo wa vidole na wa kisigino, na nyayo za mtoto mdogo hazina ustadi huo. Sasa zipo mbao fupi na laini za watoto wadogo sana, zenye kamba inayovutika kutoka kwenye ncha ya mbele. Mwalimu anamvuta mtoto taratibu kwenye tambarare, naye anajifunza kusimama ubavu bila kuteremka popote. Kujua mguu gani unatangulia, tulimwacha ateleze na soksi sebuleni. Mguu aliouweka mbele mwenyewe ndio huo. Buti za ubao ni laini, mtoto anatembea nazo bila msaada, na hilo kwa mzazi anayebeba kila kitu ni nafuu kubwa. Lakini siku za mwanzo ubao ni mgumu kuliko skii. Miguu yote imefungwa pamoja, na kuanguka ni kwingi, kwa makalio na kwa magoti. Kabla ya yote afundishwe kuanguka akiwa amekunja ngumi, mikono karibu na kifua. Anayetanguliza viganja ndiye anayevunjika kifundo cha mkono. Mwaka wa kwanza alivaa vilinda vifundo na sikumruhusu avivue.

Kwa Oslo kuna msaada mwingine. Tangu mwaka 2020 Lørenskog, jirani na Oslo, kuna SNØ, jengo kubwa lenye mteremko wa theluji ndani, wazi mwaka mzima. Binti alijifunza sana humo mwezi wa Julai, nje watu wamevaa kaptura. Hakuna upepo, hakuna ukungu, na mkahawa uko hatua chache.

Ninapowasikia watu wetu wakisema mchezo huu si wetu, nawatajia wawili. Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alivaa skii akiwa mtu mzima, na mwaka 1998 akashindana kwenye Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, katika kilomita 10. Alifika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei alimsubiri pale mwisho wa njia akamkumbatia. Boit alirudi kwenye Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Wa pili ni Sabrina Simader, aliyezaliwa Kilifi na kukulia Austria, akaanza kuteleza akiwa mtoto. Mwaka 2018 aliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini, katika skii za mteremko. Mwanangu alitazama video ya Simader mara nyingi sana akiwa chekechea. Hakuniuliza chochote kuhusu rangi wala nchi. Aliuliza kwa nini anainama vile, kisha akavaa buti zake kwenye zulia akaanza kuinama.

Siku ya skii ilipofika darasa la kwanza, alikwenda. Njia nzima aliteleza katikati ya kundi, si mbele wala nyuma. Jioni alinieleza habari za mbwa waliyemwona msituni, na ya skii hakuwa na la kusema.

Msimu ukiisha, kausheni buti kwa kutoa soksi ya ndani, futeni kingo za chuma zisishike kutu, na msiweke vitu stoo kwa miaka. Watoto wanakua. Masika na vuli bendi za shule hapa hufanya masoko ya mitumba, na skii za watoto huuzwa kwa bei ya kilo chache za mchele. Nendeni asubuhi na mapema, buti ndogo ndizo zinazoisha kwanza. Sisi kwenye kundi letu la kina mama wa Kiswahili tunapokezana: buti za sentimita 18 zilizomtoka binti yangu ziko kwa mtoto wa jirani yangu Mkongo, na ovaroli ya kaka yake imeshapita nyumba tatu. Mwezi wa Oktoba tunakutana kupima miguu ya watoto, kila mmoja anasimama kwenye karatasi tunachora wayo, na tunaandika nani anahitaji nini kabla theluji haijaanguka.